Kupanda Mlima kwa Gari la Kale Lililogoma Kuwaka

Tuliondoka alfajiri, mimi na rafiki yangu ambaye ni fundi wa umeme wa magari, kwa gari dogo la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, lililoundwa miaka ya 1960 na kukarabatiwa upya kuanzia chasi hadi paa. Njia yetu ilikata tambarare yenye joto, kisha ikapanda mlima hadi zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kabla ya kuteremkia upande wa pili. Injini iliwaka mara moja kwa choki, kizuizi cha hewa kinachosaidia injini baridi kuwaka, ingawa stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, ilizunguka kwa uzito ambao sikuupenda, kwa maana gari lenye betri mpya, nyaya mpya na stata iliyofumuliwa na kusukwa upya halipaswi kujikokota namna ile asubuhi ya kwanza ya safari.

Adhuhuri tulisimama chini ya mlima kujaza petroli. Nilipopiga stata ulisikika mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Waliokuwa karibu walikwisha kutoa hukumu: huyu alisema betri imekufa, yule akasema stata imeungua. Tulilisukuma gari, nikatia gia ya pili, likawaka bila kusita, na jambo hilo peke yake lilitufundisha mengi. Cheche ilikuwapo, petroli ilikuwa inafika, na kilichokosekana kilikuwa nguvu ya kuizungusha injini tu. Mimi huanzia hapo kila mara: kwanza nijue kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kuwaka, au haizunguki kabisa, kwa sababu haya ni magonjwa mawili yasiyohusiana, na asiyeyatenganisha atabadilisha kabureta nzima kwa kosa la waya.

Mwanzoni mwa mlima tulipata kivuli pembeni mwa barabara, tukazima injini na kufungua boneti. Rafiki yangu alichomoa waya mkubwa wa koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, na kuubana kwenye chuma ili injini isiwake wakati wa vipimo, kisha akatoa mita ya kupimia umeme. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Kipimo hicho kisimridhishe mtu, kwa kuwa betri iliyotulia haibebi mzigo wowote; swali la maana ni inabaki na volti ngapi wakati stata inavuta. Nilipiga stata, ambayo safari hii ilizunguka kwa uvivu, na betri ikashuka hadi volti 11.0, wakati mafundi wengi huanza kuitilia shaka inaposhuka chini ya 9.6. Betri ilikuwa nzima. Lakini kwenye stata yenyewe zilifika volti 8.0 tu, na volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani.

Upande wa chanya, kutoka betri hadi stata, zilipotea 0.4, kiasi kinachovumilika. Kisha akagusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, nikapiga stata tena: 2.6. Upande huo haupaswi kupoteza zaidi ya nusu volti hivi. Stata ya injini ndogo huweza kuvuta ampia 150, na kwa mkondo huo upinzani wa sehemu mbili tu za mia moja za omu, kipimo cha upinzani, hula volti tatu nzima. Mita ya kawaida ya kupima omu haioni upinzani mdogo hivyo, ndiyo maana waya hupimwa ukiwa kazini. Kebo ya choki nayo ilikuwa ya moto mkononi, dalili kwamba umeme ulikuwa umejitafutia njia ya kurudi betrini kupitia humo.

Injini hukalia mipira, kwa hiyo hurudisha umeme kwenye bodi kupitia mkanda wa nyuzi za shaba uliofungwa kwenye giaboksi. Tulipofungua bolti yake tulikuta rangi mpya, nzito na nzuri, chini ya washa, yaani pete ya chuma ya bolti. Karakana iliyopaka rangi ilikuwa imekifunika chuma pale pale umeme unapopita, na hili ni ugonjwa wa magari yaliyokarabatiwa hasa, kwani gari lililochakaa huwa na kutu lakini mguso wake wa zamani haujaguswa. Joto la injini lilizidisha shida, maana upinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo stata yenye moto huhitaji kila volti inayoweza kupata. Tulipiga msasa hadi chuma kikang'aa, tukafunga kwa washa yenye meno na kupaka grisi juu. Mita ikasoma 0.2, na stata ikazunguka kwa sauti nyingine kabisa.

Juu mlimani gari likagoma tena baada ya kupumzika kidogo, lakini mgomo huu ulikuwa mwingine: injini ilizunguka kwa kasi bila kuwaka. Cheche ilikuwa ya buluu na yenye nguvu, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kuishuku kondensa wala platini, vifaa vinavyosaidia kutengeneza cheche. Harufu ya petroli ilijaa chini ya boneti. Injini ikizimwa ikiwa na moto, joto lake hupanda hadi kwenye kabureta, petroli huchemka na kumwagikia ndani ya injini, na huko juu, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, huchemka mapema zaidi. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, nikashikilia bila kupampu ili hewa iingie kwa wingi na kuondoa petroli iliyozidi, nikapiga stata. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka.

Tulipoteremka upande wa pili tuliweka gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta, na tukausogeza mpira wa petroli mbali na ekzosi.