Nilivyoacha kubahatisha upepo wa matairi

Ukiuliza mtaani kwetu Tabata gari dogo linawekwa upepo kiasi gani, utajibiwa "thelathini" kabla hujamaliza swali. Mwingine atasema thelathini na tano, eti kwa sababu ya barabara zetu. Kilichonifanya nianze kupima mwenyewe nyumbani ni vijiwe viwili vya pancha vilivyo barabara moja. Cha kwanza geji ilisoma 36. Cha pili, muda mfupi tu baadaye, tairi lilelile likasoma 30, na fundi wala hakushangaa. Geji yake inaning'inia kwenye mpira wa kompresa, kutwa inaangushwa kwenye zege, na kioo chake kilishapasuka zamani.

Kwanza nilitaka kujua namba ninayoitafuta. Iko kwenye gari lenyewe: fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo pale mlango unapofungia, kuna stika. Yangu ni Kijapani kitupu, lakini namba zinasomeka: saizi ya tairi, halafu 230 kwa matairi ya mbele na 220 kwa ya nyuma. Hizo ni kilopaskali. Gawa kwa 6.9 upate psi, kipimo kilichozoeleka kwenye geji zetu. Kwangu ni 33 mbele na 32 nyuma. Hakikisha saizi iliyo kwenye stika ndiyo uliyovaa, maana magari mengi yakishafika huku hubadilishwa rimu. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni habari nyingine. Yangu yameandikwa 51, na hicho ni kikomo ambacho tairi halitakiwi kuvuka, si kiasi cha kujaza. Nimeshapanda gari la mtu aliyejaziwa kwa kufuata maandishi hayo; kila kokoto tuliisikia mgongoni.

Geji nilianza na ya kuazima. Nina jirani, mzee aliyeendesha malori ya Tunduma mpaka akastaafu, nikamfuata jioni nikiwa ndiyo kwanza naingia.

"Shikamoo, mzee. Naomba geji yako nipime upepo."

"Marahaba. Umetoka wapi sasa hivi?"

"Kazini."

"Basi tairi lililotoka safari haliulizwi kitu, mwanangu. Njoo asubuhi."

Nilipima jioni ileile kwa ubishi, nikapima na asubuhi. Tofauti ilikuwa ya kuonekana wazi, na baadaye nilipopata geji ya kueleweka nikaijua vizuri: tairi lenye 33 alfajiri husoma 36 au 37 likitoka kwenye foleni ya mchana. Tairi likizunguka linajikunjakunja, linapata moto, na upepo uliomo ndani unapopata moto shinikizo linapanda. Kwa hiyo ukilitoa upepo jioni ili lirudi 33, asubuhi utaamka na 29. Tairi la kupimwa ni lililopoa, yaani gari limesimama angalau saa tatu, au halijatembea zaidi ya kilometa moja na nusu hivi tangu liwashwe.

Geji ya mzee haikunifaa. Ni ya lori, inasoma mpaka 160, na kwenye tairi langu mshale ulinyanyuka kidogo ukasimama mahali ambapo kutoka mstari hadi mstari ni psi 5. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nitafute inayoishia 60, ili namba yangu iangukie katikati, kwa kuwa geji za mshale husoma vizuri zaidi katikati kuliko kwenye ncha zake. Nikaipata Kariakoo. Baadaye niliongeza ya dijitali, si kwa sababu ni bora, bali nipate shahidi wa pili. Zinapishana nusu psi, na kwa gari la kwenda kazini hilo halininyimi usingizi.

Kupima kwenyewe ni kazi ya mkono. Nafungua kifuniko cha valvu nakitia mfukoni (ukikiweka chini kitapotea), nafuta vumbi kwa kidole, halafu naibandika geji wima na kuisukuma mara moja bila kusitasita. Itatoa mlio mfupi wa upepo, "pss", kisha kimya. Sauti ikiendelea, imekaa upande, na namba inayoonyesha ni ndogo kuliko ukweli. Narudia mpaka namba ijirudie. Ikitokea moja ya chini katikati ya zinazofanana, hiyo naitupa.

Kuna kitu sikuambiwa na mtu. Gari langu hulala sambamba na ukuta, na jua likichomoza linapiga upande wa kulia peke yake. Ukichelewa kutoka, matairi ya kulia yanaongoza kwa psi 2 hivi, na ukiyalinganisha na ya kushoto utapunguza upepo usio na kosa. Siku hizi napima kabla sijanywa chai.

Sasa, nyumbani sina kompresa. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mpaka ufike kijiweni tairi limeshapata moto na geji ya pale ndiyo ile ya kuangushwa. Nikiona asubuhi tairi linahitaji psi 4, sisemi "weka 33". Namwambia fundi, "Soma hapo linasemaje, halafu niongezee nne juu yake." Geji yake ikisema 38 au 31, sijali, hata inayodanganya, mara nyingi hudanganya kwa kiasi kilekile mwanzo na mwisho. Asubuhi inayofuata nahakiki kwa geji yangu, na karibu kila mara inakuwa palepale.

Faida kubwa niliiona kwenye daftari ninamoandika vipimo vyangu. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa linapungua kidogo kila wiki, kiasi ambacho macho hayaoni na mguu ukipiga teke hausikii. Nilipaka povu la sabuni juu ya valvu, nikasubiri, kipovu kimoja kikavimba taratibu kikapasuka, kikaja kingine. Tairi lilikuwa zima; pini ya valvu ndiyo ilikuwa inavujisha. Fundi aliibadilisha kwa dakika chache, tena bila kung'oa gurudumu.

Limebaki tairi la spea, ambalo watu hulikumbuka siku ya pancha. Langu ni lile jembamba la muda, na hilo, tofauti na mengine, hujazwa kwa namba iliyo ubavuni mwake: 60 psi. Geji yangu inaishia hapohapo 60, mshale unagota mwisho na sijui kama upepo umezidi. Kwa hiyo kila nikitaka kulipima hilo, nakwenda kwa mzee kuazima ile ya lori.