Safu ya pili ina mwenyewe, hata kanisani

Jamani siku ya tatu hii usingizi hauji kwa hasira, na safari hii siwakasirikii wazungu, natukasirikia sisi wenyewe.

Jumapili, kwenye kanisa letu la watu wa nyumbani huku ughaibuni, kuna dada kaja ibadani katoka moja kwa moja zamu ya usiku, anahudumia wazee, yunifomu bado mwilini, macho mekundu. Akakaa safu ya pili maana huko nyuma angesinzia. Mhudumu wa mlangoni akamwinamia, samahani dada, hapa tumewawekea wageni. Mgeni mwenyewe nani sasa? Kaka mmoja mwenye kampuni, wote tunamjua, anasali hapahapa miaka yote, na kachelewa dakika 40. Dada akabeba mkoba wake akahamia kule karibu na choo, kimya kimya. Na mahubiri ya siku hiyo, hebu sikieni, yalikuwa ya Richard Allen na wenzake, watu weusi wa Philadelphia waliosumbuliwa katikati ya maombi kwenye kanisa la wazungu eti wamepiga magoti pasipo pao, wakatoka, na 1816 likazaliwa dhehebu lao la AME (African Methodist Episcopal). Amina zilivyopaa! Tunapiga makofi na dada yuko pale chooni.

Nyie mnaojiandaa kuja huku mtaambiwa ukifika tafuta kanisa la watu wa kwenu. Litafuteni kweli, mimi lilinipokea airport na nikalala kwenye kochi la muumini wiki 6 bila kuulizwa utaondoka lini. Ila nalo lina madaraja yake, hilo hamtaambiwa. Kuna wenye makaratasi na wasio nayo, kuna waliokuja kusoma na waliokuja "kivyao". Mtu mwenye jina akifiwa, matangazo robo saa na kamati inakaa usiku uleule. Asiye na makaratasi akifiwa, na kuzika hawezi kwenda maana akitoka harudi, yaani ndiye anayehitaji watu kuliko wote, anapata sentensi moja kabla ya sadaka, tumkumbuke kwenye maombi.

Na mimi sijitoi humo maana mweka hazina wa mfuko wa kusaidiana ni mimi. Mtu akipatwa na jambo, kitu cha kwanza nafungua daftari, huyu anachanga? Mwaka jana dada huyuhuyu alifiwa na mama yake, nikaona miezi 5 hajatoa kitu, nikasema kwenye kikao, tena kwa sauti kavu, utaratibu ni utaratibu. Sikuuliza kwa nini miezi 5. Kumbe kazi ilisimama. Yakobo sura ya 2 anawasema wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na maskini wanamwambia simama pale, na mimi siku zote nikiisoma namwona mhudumu wa mlangoni, kumbe mkagua pete ni mimi na daftari langu.

Jana usiku nikafungua Matendo 6. Wajane wa waumini wanaosema Kiyunani wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, wa Waebrania hawasahauliki (ajabu eh). Mitume hawakuwaambia mnaleta mgawanyiko, neno ambalo kwetu linafunga kila mjadala. Waliwaambia wachague watu 7. Sasa soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani! Inaonekana walalamikaji ndio waliokabidhiwa mgao wenyewe.

Basi nikaandika kwenye grupu la kamati, tuingize watu wawili wa zamu za usiku na mmoja ambaye hana makaratasi, tushike daftari pamoja. Tiki za bluu 11, kimya. Asubuhi mzee wa kanisa mmoja akajibu, "Kaka, hili tuongee pembeni." Pembeni naijua mimi, mambo mengi yamezikwa huko. Nikamjibu kwa heshima, mzee wangu, naomba tuongee kikaoni.

Mchana nikampigia dada kumwomba radhi ya mwaka jana. Akasema yaliisha hayo kaka, halafu akakaa kimya kidogo, akaniuliza kama Jumapili naweza kumpitia kazini kwake maana mabasi siku hiyo ni ya shida. Nimemwambia saa 2 niko getini. Tutafika kabla ya mhudumu wa mlangoni.