Penseli ya kwenye koti

Juzi baridi ilipoanza kuuma nilishusha koti zito kutoka juu ya kabati, nikatia mkono mfukoni, nikakuta kipande cha penseli kisichozidi kidole gumba. Nilijua papo hapo kilikotoka. Ni cha jumba la nyaraka, Halifax, Kanada, siku niliyompeleka mavyaa. Mle ndani kalamu ya wino hairuhusiwi, unapewa penseli. Mimi, sijui vipi, nikaondoka na yao.

Mliomjua mavyaa mnajua, akishika jambo hakuliachia. Mwaka ule alishika hili: mzee wao wa kwanza katika jimbo hili la Nova Scotia alikuwa Loyalist, yaani mtu wa upande wa Mfalme wa Uingereza, mmoja wa Weusi waliotoroka kwa mabwana zao wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, wakakimbilia kwa jeshi la Mfalme lililowaahidi uungwana, kisha mwaka 1783 wakapakiwa melini New York kuletwa huku kwenye mawe na ukungu. Wenye babu Loyalist huruhusiwa kuandika herufi mbili, U.E., mwishoni mwa majina yao, heshima iliyotolewa tangu 1789. Mavyaa naye alizitaka. Mume wangu alimcheka. Mimi mkwe, ningecheka wapi? Nikawasha gari.

Tulikaa mbele ya mashine ya kusomea mikanda ya picha za nyaraka, yeye akizungusha mkono wa mashine, mimi nikiandika. Daftari lenyewe la waliopanda meli zile linaitwa Book of Negroes, yaani Kitabu cha Weusi, majina kama 3,000. Vita vilipokwisha, Washington, jenerali wa Wamarekani, alidai watu wale warudishwe kwa wenyewe kama mali nyingine. Jenerali Carleton, mkuu wa jeshi la Waingereza, akakataa: walioahidiwa uhuru hawarudi. Ila akaamuru kila anayepanda meli aandikwe, ili bwana akija kudai fidia pawe na hesabu. Kwa hiyo karani anakuandika huru, huku anakukagua kama ng'ombe wa mnada. Meli, jina, umri, umbo, alikuwa wa nani. Huyu kipande cha mtu. Yule wa kawaida tu. Huyu chongo.

Kurasa zilipita, kijivu juu ya kijivu, mpaka macho yakaanza kunitoka machozi. Kisha mkono wa mashine ukasimama. Mavyaa alivua glavu ya kulia, moja tu, akaweka kidole kwenye kioo. Jina lilikuwa lile, herufi kwa herufi. Umri 46. Na mbele yake karani ameandika neno ambalo mimi kichwani lilinijia moja kwa moja kwa Kiswahili: amechakaa. Neno la jamvi. Neno la kandambili.

Mavyaa hakusema kitu. Kidole kilibaki palepale, mwanga wa mashine ukipenya pembeni ya ukucha, ule mwekundu wa nyama. Alikuwa na miaka 71, amesafisha ofisi za watu miaka 30, na magoti yake yalikuwa yakilia ngazini kama bawaba. Nilimsikia anavuta pumzi kwa pua. Nikasogeza karatasi nijifanye naandika.

Kurasa chache mbele tukamkuta mwingine, jina hilohilo, miaka 22, mwenye nguvu. Nilifurahi kwa niaba yake. "Mama, huyu hapa! Huyu ndiye."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Wenye nguvu walipanda meli tena."

Alimaanisha 1792. Ardhi waliyoahidiwa Birchtown, makazi yao hapa Nova Scotia, ilikuja kidogo, ya mawe, na wengine hawakupata kabisa. Watu karibu 1,200 wakapanda meli 15 hapohapo Halifax wakaenda kuanza upya Sierra Leone. Ukoo wa mavyaa ulibaki. Kwa hesabu yake, wetu ni yule mchakavu, yamekwisha.

Sikubishana, ingawa nilikuwa na la kusema. Wenye jina moja walikuwa wengi, maana wengi walibeba majina ya mabwana zao. Halafu kati ya daftari lile na sensa ya 1871, ambamo ukoo wetu unaonekana wazi, hatukupata karatasi hata moja ya kuunganisha. Na Weusi wengine kama 2,000 waliletwa huku baada ya vita vya 1812, vya Uingereza na Marekani. Pengine mzee wetu alikuwa katika hao, si Loyalist hata kidogo. Herufi mbili hazikuja. Mavyaa alifariki bila kuzipata, na bila kubadili jibu.

Nami nani wa kumsahihisha? Bibi yangu Pangani alikuwa akitaja nasaba ya baba yake mababu saba bila kukwama. Ukimuuliza ya mama yake anafika wa pili, kisha anaanza kukohoa.

Nilikuwa bado na ile penseli mkononi binti yangu alipotandaza mezani mti wa ukoo aliopewa shuleni. Upande wa baba, tawi la juu kabisa lilikuwa tupu.

"Mama, hapa niandike nani?"

Nikamtajia jina. Akachukua kalamu ya wino.

"Ngoja," nikamwambia, nikampa penseli.