Itai alishuka pamoja na mfalme

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 2 Samweli 15, kuanzia mstari wa 13. Lisomeni taratibu, kisha mnivumilie nianzie Mkwakwani, uwanja wetu wa mpira hapa Tanga.

Msimu wa 2015/16 sisi watu wa Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Nafasi za kushuka daraja zilikuwa tatu, na zote tukazijaza sisi. Asiyekuwapo mjini mwaka ule hajui vijiwe vya kahawa pale Ngamiani vilivyokuwa. Watu waliozoea kubishana mpaka kashata zinakwisha walikunywa kahawa yao kimya, wakaondoka.

Mimi ni Mgosi wa Kaya, yaani shabiki wa Coastal, tangu utotoni. Baba yangu aliiona Coastal ikichukua ubingwa wa 1988 na alituhadithia mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo kushuka kule kuliniuma, na kuliuma zaidi kwa sababu timu haikuwa ya kudharauliwa. Januari ilimfunga Yanga 2-0 hapo hapo Mkwakwani. Aprili ikamtoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho, 2-1, huko huko Dar es Salaam. Timu inayomfunga Yanga na Simba unaiachaje? Kila wiki tulipiga mahesabu: tukishinda hii, fulani akifungwa, yule akitoa sare, tumepona. Karatasi ya msimamo wa ligi niliiweka ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi.

Halafu mahesabu yakaanza kukataa, na hapo nikaona mioyo ya watu. Alianza kulaumiwa kipa, kisha kocha, kisha viongozi, kisha hata jirani yako jukwaani aliyempigia makofi mchezaji aliyekosa bao. Na sisi waamini hatukubaki nyuma. Nilimsikia mpendwa mwenzangu, mtu wa maombi, akisema kwamba golini pale kuna mkono wa mtu. Mwishoni mwa Aprili, kwenye nusu fainali na Yanga, mawe yakarushwa uwanjani na mechi ikavunjika, Yanga wakiwa mbele 2-1. Watu wazima, wenye watoto nyumbani, waliokota mawe.

Sasa rudini kwa Daudi. Absalomu, mwanawe, ameuteka moyo wa watu, na mfalme anatoka Yerusalemu kwa miguu. Anapanda Mlima wa Mizeituni akilia, hana viatu. Njiani, sura ya 16, anatokea Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, anamtupia mawe na mavumbi, anamlaani. Tukimsoma Shimei huwa tunajiona wema kuliko yeye. Lakini fikirini: Daudi alipokuwa juu, Shimei alikuwa wapi? Maandiko hayatuambii kwamba alithubutu kumrushia hata kokoto. Alingoja mfalme ashuke. Na sura ya 19, Daudi anaporudi kwenye kiti chake, Shimei anakimbia mbele ya watu kumpokea na kujitetea kwamba yeye ndiye wa kwanza kuja.

Mtu mwingine ni Itai Mgiti. Huyu ni mgeni, anatoka Gathi, nchi ya Wafilisti, mji wa Goliathi. Daudi mwenyewe anamwambia arudi: umekuja jana tu, kwa nini utangetange na sisi? Itai anaapa kwamba popote mfalme atakapokuwapo, iwe kufa au kuishi, naye atakuwapo. Kisha mstari wa 22 unasema akavuka, yeye na watu wake wote, na watoto wote waliokuwa pamoja naye. Watoto! Aliyechukua watoto hakuwa amejibakizia njia ya kurudi nyuma.

Mimi sikuwa Itai. Coastal iliposhuka niliacha kwenda uwanjani. Nilijiambia nina majukumu, nikasema Daraja la Kwanza si mpira. Katika misimu ile miwili nilikwenda mara moja tu, tena kwa kuwa nilikuwa napita nikasikia filimbi. Jukwaa lilikuwa jeupe. Karibu na mlango wa wachezaji alisimama mzee mmoja ninayemfahamu kwa sura, Mwislamu, na kofia yake ya mkono iliyoanza kuchakaa. Tulikuwa tumefungwa. Wachezaji walipotoka vichwa chini, alimpa mkono kila mmoja na kumwita kwa jina, mpaka wale wa benchi ambao mimi sikuwajua. Kwa mmoja, kijana mdogo aliyekuwa akilia, alikishika kile kiganja kwa mikono yake miwili, akakaa nacho muda mrefu. Sikusikia alichomwambia. Mwaka 2018 Coastal iliporudi Ligi Kuu nilivaa jezi mpya na kuimba kuliko wote. Mzee yule alikuwa palepale mlangoni. Nilishindwa kumwangalia usoni.

Nayasema haya kwa sababu ya ndugu yetu wa jumuiya, ambaye nimemwomba ruhusa naye amenikubalia niandike bila kumtaja jina. Mnakumbuka biashara yake ilipokuwa inasimama. Zamu ya ibada ilipokuwa kwake tulijaa mpaka uani, maana chai yake ilikuwa na mayai na maandazi ya moto. Biashara ikafa. Madeni, gari likauzwa, nyumba akahama akapanga vyumba viwili. Hatukumrushia mawe. Ila tulisema: labda kuna dhambi, labda fungu la kumi hakutoa, labda alijiinua. Kwangu mimi hayo ni mavumbi ya Shimei. Na zamu yake ya ibada tukaanza kuiruka, kimyakimya, tukidai tunamhurumia asipate gharama. Aliniambia jambo moja tu: “Mzee, kufilisika nimekuzoea. Kurukwa ndiko sijakuzoea.”

Mithali 17:17 inasema, “Rafiki hupenda sikuzote, na ndugu amezaliwa kwa siku ya taabu.” Nimeimeza aya hiyo tangu shule ya Jumapili. Nilipokuwa namsikiliza ndugu huyu sikuwa na ujasiri wa kuitamka.

Bwana wetu alishuka mpaka tulipo sisi, na aliposhuka hakutungoja tuwe juu kwanza. Tuombe wiki hii, kila mtu kwa jina la yule aliyemruka.

Alhamisi ibada ya jumuiya ni kwake, saa kumi na moja jioni. Nafasi ni ndogo, tutakaa mkekani. Mama wa jumuiya ameshasema atachemsha chai kwake na kuja nayo kwenye chupa. Mimi nabeba maandazi. Njooni na watoto.