Machicha ya kahawa yapitie kwenye mboji kwanza

Machicha yanayobaki kwenye dele, au yale ya mashine ya mkahawani, ni mali kwa bustani. Ila kuyamwaga mabichi shinani ni kuuonea mmea. Naitrojeni yake, takriban asilimia 2 ya uzito mkavu, imefungwa kwenye protini. Vijidudu vinavyoyaozesha huanza kwa kuchukua naitrojeni ya udongoni, na majani yakageuka njano. Kafeini iliyobakia hudumaza miche michanga. Tabaka nene nalo likikauka huganda, maji yakateleza juu bila kupenya.

Machicha yana rangi ya kahawia kama majani makavu, lakini kwa naitrojeni yake, kwenye mboji huhesabiwa pamoja na majani mabichi. Kipimo ninachokiamini ni ndoo 1 ya machicha, ndoo 1 ya maganda ya ndizi na majani mabichi, na ndoo 3 za majani makavu yaliyokatwakatwa. Machicha yasizidi moja ya tano ya ujazo wote. Rudia matabaka hadi lundo lifike mita 1 kwenda juu na mita 1 kila upande. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Karatasi za kuchujia zichane, utie. Zungushia uzio kama kuna mbwa, kwani kafeini ni sumu kwao.

Chota konzi moja uikamue: likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha. Geuza kila wiki. Baada ya siku 3 au 4 chomeka nondo katikati. Ikitoka ya moto, lundo linafanya kazi.

Likinuka kama mkojo, naitrojeni imezidi, ongeza majani makavu. Likinuka uvundo, hewa haipiti. Hili ndilo kosa la kawaida, maana machicha ni laini na hushikamana yakilowa. Ligeuze, uchanganye na vijiti au mabua. Ukungu mweupe usikutishe, nao huozesha.

Wengi huhofia tindikali. Sehemu kubwa ya tindikali huondoka na kahawa inayonywewa. Machicha kwa kawaida hukaribia kutokuwa na tindikali wala magadi.

Baada ya miezi 3 hivi mboji huwa nyeusi na kunukia udongo. Ijaribu kwanza: panda mbegu za sukumawiki kwenye makopo mawili, moja la udongo mtupu, jingine udongo uliochanganywa na mboji. Zikichelewa kwenye la pili, iache mboji wiki kadhaa zaidi. Ikiwa tayari, tandaza sentimita 2 hadi 3 kwenye tuta, uichanganye na udongo wa juu.