Mnara wa visoda: natengeneza gegedu linalokua

Jumamosi ya kwanza

Nimetoka bucha na paja la mbuzi mdogo. Nimemwomba muuzaji aupasue mfupa kwa urefu, kwa msumeno, maana shoka lingeusaga. Karibu na goti kuna mstari mweupe unaong'aa umekatiza mfupa mwekundu. Hilo ni gegedu la ukuaji. Mfupa mrefu hurefukia hapo, karibu na ncha zake, katikati haurefuki.

Mpwa wangu wa miaka 9 ana akondroplasia, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya mifupa mirefu ibaki mifupi. Mwezi uliopita aliniuliza, "Mjomba, kwani mifupa yangu imesahau kukua?" Nataka kumpa jibu analoweza kulishika mkononi.

Vifaa: ubao, gololi, visoda 60, mipira ya tenisi ya meza. Gololi ni seli zilizotulia kule juu. Visoda ni seli zinazogawanyika, ambazo kweli hupangana bapa kama sarafu. Mipira ni zile zilizoacha kugawanyika zikavimba, na chini yao mfupa huingia kuchukua nafasi. Kisoda hakifiki sentimita moja kwa unene, mpira una sentimita 4. Nimefurahi kuona hivyo, kwa sababu hata mwilini kuvimba kwa seli huchangia urefu zaidi kuliko kugawanyika.

Jumamosi ya pili

Nimekosea kanuni. Nilikuwa nageuza kila kisoda kuwa mpira baada ya zamu tatu. Mnara ukapanda haraka, kisha ikabaki mipira mitupu, hakuna cha kuendelea.

Nilichoacha ni mawasiliano ya protini mbili. Seli zinazoanza kuvimba hutoa protini iitwayo Ihh. Ujumbe wake hufika kwenye seli za juu, nazo hutoa PTHrP. Hiyo hushuka na kuzizuia seli zisivimbe mapema: zilizo karibu huendelea kugawanyika, zilizo mbali huvimba na kutoa Ihh tena. Kumbe urefu unatokana na kucheleweshwa! Mwaka 1994 watafiti walichapisha habari za panya waliozalishwa bila PTHrP: gegedu lao liliwahi kukomaa, mifupa ikawa migumu kabla ya wakati, wakafa walipozaliwa.

Sasa nimefunga uzi wa sentimita 15 juu ya ubao, ndio PTHrP yangu. Kisoda ambacho uzi unakifikia hakigeuki. Mnara unakwenda vizuri.

Jumamosi ya tatu

Leo breki. Kila mtu ana kipokezi kiitwacho FGFR3 kwenye seli za gegedu, nacho hupunguza mwendo wa ukuaji kinapopata ujumbe. Katika akondroplasia, karibu kila mara, herufi moja ya jeni imebadilika, na kwenye nafasi ya 380 ya kipokezi hicho, kijenzi cha protini kiitwacho glisini kimekiachia nafasi kingine, arginini. Basi breki inakandamizwa hata pasipo sababu. Nimetumia vibanio vya nguo: kila kibanio kinazuia kisoda kimoja kuongezwa.

Watoto wapatao 8 kati ya 10 wenye hali hii huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, kwa badiliko jipya kabisa. Naliandika hili kwa ajili ya dada yangu, aliyesemwa sana. Hakula kitu kibaya wala hakuvunja mwiko wowote.

Nimeongeza vijiti vya kulegeza vibanio. Vinasimama badala ya CNP, kijiprotini cha mwilini kinachopunguza nguvu ya ujumbe wa FGFR3 ndani ya seli. Dawa ya vosoritide, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021, huiga CNP. Katika jaribio la mwaka mmoja, watoto waliochomwa kila siku walikua sentimita 1.57 zaidi kwa mwaka kuliko waliopewa sindano isiyo na dawa.

Jumapili

Mpwa wangu amekuja, akacheza zamu 20 kwa vibanio, kisha 20 bila vibanio. Akaipima minara yote miwili kwa rula yake ya shule. Akanyamaza kidogo, halafu: "Mjomba, haijasahau. Imeshikwa."

"Ndiyo mama, imeshikwa."

Ameniagiza nitengeneze na wa mkono. Mipira hii ni mikubwa mno kwa kidole. Wiki ijayo natafuta shanga.