Nilivyoweza kutabiri hali ya wagonjwa wa ICU kwa rekodi za MIMIC-III

Habari wakuu, kwa wanaouliza rekodi za wagonjwa za kufundishia modeli (programu ya kompyuta inayojifunza kutabiri) zinapatikana wapi, mi nilitumia MIMIC-III, ni za wagonjwa mahututi (ICU) wa hospitali ya Beth Israel Deaconess kule Boston, Marekani, 2001 mpaka 2012, watu wazima peke yao wamelazwa mara 53,423. Hulipii ila unasoma kwanza kozi ya maadili ya utafiti halafu unasaini kwamba hutaigawa wala kutafuta mgonjwa ni nani, ndo unafunguliwa.

Usishtuke kuona mtu kalazwa mwaka 2140 au ana miaka 300, wamesogeza tarehe makusudi kulinda siri na waliozidi miaka 89 umri wao umefichwa. Nashukuru tu kila mgonjwa tarehe zake zimesogezwa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kipi kilitangulia unakijua, na kazi yote iko hapo.

Nilitaka modeli isome saa 24 za kwanza ICU iseme kama mgonjwa atafariki kabla ya kuruhusiwa. Kilichonivusha ni kukata muda bila huruma, chochote kilichoingia baada ya saa ya 24 natoa. Chukua kodi za magonjwa za ICD-9, yaani namba maalumu za kila ugonjwa, zimepangwa vizuri unatamani uzimwage zote, lakini zile zinaandikwa mgonjwa akishatoka, kwa ajili ya bili, sasa ukiipa modeli 427.5 yaani moyo kusimama hapo haitabiri tena, inasoma majibu, alama zitapanda halafu wodini haimsaidii mtu.

Vipimo ambavyo havikuchukuliwa sikuvifuta, niliweka safu ya kuonyesha kimepimwa au hakijapimwa, maana daktari akiagiza laktate (kipimo cha damu) mara nyingi kuna kitu kimemtia wasiwasi na hiyo nayo ni habari. Aliyelazwa mara kadhaa rekodi zake zote zinakaa upande mmoja, za kufundishia au za kujaribia.

Na jamani usahihi wa asilimia usiwadanganye, waliofariki ni kama 11 au 12 kwa kila 100, modeli ikisema wote watapona tayari imepata 88. Mi nilichukua wale iliowapa hatari ya 20 kwa 100 nikahesabu kweli wamefariki wangapi, nikafanya hivyo kwa kila kundi la hatari, nilipoona namba zinakaribiana ndo nikaanza kuiamini. Anayetaka data mpya zaidi kuna MIMIC-IV, inaanzia 2008, masharti ni yaleyale.